Mtego usioua: kwa nini watafiti wanakamata nyama ya pori na kuiachilia, na sisi tuwaulize nini

Kuanzia Mambasa hadi Walikale, kuanzia Lubutu hadi Shabunda, hakuna mtoto asiyejua mtego. Anajua kamba ya nailoni ya kukamatia kanga. Anajua waya wa breki ya pikipiki, ule wa kukamatia mboloko na nguruwe wa pori. Anajua pia mwisho wake: nyama inafika ku soko ama ku chungu. Na katika Kiswahili chetu neno ni moja tu. Nyama ni ile inayotembea ku pori, na nyama ni ile iliyo katika sahani.

Kwa hiyo mgeni akifika kijijini na masanduku ya waya, akasema anataka kukamata nyama usiku na kuiachilia asubuhi, watu wanacheka kwanza, halafu wanaanza kushuku. "Juu ya nini unakamata nyama kisha unaiacha iende?" "Beko banatafuta nini mu pori yetu, ni dhahabu?" Maswali hayo si ya ujinga. Watu wa mashariki wameona wageni wengi wakiingia porini na vifaa, na si wote waliosema ukweli juu ya kile walichofuata.

Ndugu msikilizaji na msomaji, makala hii inaeleza kazi hiyo ni nini, inafanywa namna gani, na kwa nini kwetu ni ngumu kuliko kwingine. Ugumu wenyewe hautoki kwa mnyama. Mtego usioua unahitaji kitu kimoja ambacho huku kimekuwa haba: uhakika kwamba mtu atarudi kesho asubuhi.

Ni wanyama gani wanaotafutwa?

Tunazungumzia wanyama wadogo wanaokula nyama. Kuna fungo, mwenye manyoya ya madoa na harufu kali. Kuna kanu, mwembamba kama paka, na mkia mrefu. Kuna nguchiro wa aina nyingi, kuna nyegere, kuna fisi maji wa mitoni, na kuna paka wa dhahabu wa msitu mkubwa. Wengi wao wanatembea usiku. Mtu anaweza kuzeeka ukingoni mwa msitu na asimwone paka wa dhahabu hata mara tatu.

Tunawajua zaidi kwa ubaya: kuku ameibwa. Lakini kazi yao kubwa iko mbali na banda la kuku. Wanakula panya, kaa, konokono na wadudu. Fungo anakula pia matunda, halafu anaacha mbegu mahali anapokwenda haja, na miti inaota hapo. Kuwajua wako wangapi na wanaishi wapi kunatusaidia kujua afya ya msitu wenyewe.

Chukua mfano wa mnyama mmoja ambaye ni wetu kabisa: kanu wa maji. Dunia nzima, anapatikana katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo tu, katika misitu ya upande huu wa kaskazini na mashariki ya mto Congo. Ni mwekundu kama udongo, hana madoa mwilini kama kanu wengine, na mkia wake ni mweusi. Nyayo zake hazina manyoya. Anakula samaki wa vijito vya msituni. Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1919, kutokana na msafara wa makumbusho ya New York ulioongozwa na Herbert Lang na James Chapin, ambao ulitembea Congo kuanzia 1909 hadi 1915. Tangu hapo imepita miaka zaidi ya 100. Lakini yale yanayojulikana juu yake yanatoka kwa sehemu kubwa katika ngozi na mafuvu kama 30 hivi yaliyohifadhiwa katika makumbusho.

Yaani mnyama ambaye yuko kwetu tu anajulikana zaidi akiwa amekufa kuliko akiwa hai. Sayansi haijapima anahitaji kijito kirefu kiasi gani ili aishi. Haijajua maji yakichafuliwa na machimbo ya dhahabu yeye anakwenda wapi. Majibu ya namna hiyo hayatoki katika ngozi iliyokauka.

Sanduku linafanya kazi namna gani?

Mtego unaotumiwa sana kwa wanyama wa ukubwa huu ni sanduku la waya au la mbao, lenye mlango mmoja ama miwili. Ndani kuna kibao kidogo. Mnyama anaingia kufuata chambo, anakanyaga kibao, mlango unaanguka nyuma yake. Haumshiki mguu, haumkabi shingo. Chambo ni kitu chenye harufu: samaki, sardini za kopo, utumbo wa kuku, au yai.

Linaonekana jambo rahisi, lakini kuna ufundi mwingi. Mtaalamu mwenye busara hafungi mtego siku ya kwanza. Anaufunga mlango wazi kwa kamba, anaweka chambo usiku kadhaa, ili mnyama azoee kuingia na kutoka. Anaufunika kwa majani ili mvua isimpige aliye ndani na ili asione watu na kuogopa. Anatandika majani chini ili miguu isikae juu ya waya. Anapanga waya wenye matundu madogo, kwa sababu mnyama mwenye hofu anauma, na tundu kubwa linamvunja meno. Anaweka mtego kwenye njia ya mnyama mwenyewe: kando ya kijito, kwenye gogo lililoanguka juu ya maji, chini ya mti wenye matunda yaliyoiva.

Na nani anajua njia hizo? Si profesa aliyefika juzi. Ni mwindaji wa kijiji, ni Mmbuti aliyekua humo. Anaona unyayo pale ambapo mwingine anaona matope tu. Katika kazi hii ujuzi wa mtu wa pori ndio nusu ya mtego.

Asubuhi, mnyama akipatikana, daktari wa mifugo ama mtu aliyefundishwa anampa dawa ya usingizi kulingana na uzito wake. Mara nyingi ni ketamini ikichanganywa na dawa nyingine. Wanampima uzito, urefu na meno. Wanachukua damu kidogo, manyoya, na kupe walioko mwilini. Wanaweza kumtia alama sikioni ama kidude kidogo chini ya ngozi chenye namba. Wengine wanavishwa mkanda wa shingo wenye redio, na mkanda huo haupaswi kuzidi kama asilimia 5 ya uzito wa mwili wake. Halafu wanamrudisha katika sanduku lenye giza mpaka usingizi utoke kabisa. Akiachiliwa huku bado analewa, atadondoka majini ama ataliwa na chui.

Faida yake iko wapi?

Alama ile inasaidia kuhesabu wanyama wasioonekana. Tufanye mfano. Mwezi wa kwanza unakamata kanu 10, unawatia alama wote, unawaachilia. Mwezi wa pili unakamata 8, na katika hao 4 wana alama. Nusu ya uliowakamata wana alama, kwa hiyo wale 10 wa kwanza ni karibu nusu ya wote. Msitu ule una kanu kama 20. Hesabu hii haihitaji mashine, lakini inahitaji wanyama wapatikane wakiwa hai mara zote mbili.

Mkanda wa redio unaonyesha mengine: mnyama analala wapi, anatembea eneo la ukubwa gani, na kama anapita kwenye mashamba ama anayakimbia. Jirani zetu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati wana mfano. Katika msitu wa Dzanga-Ndoki, miaka ya 1990, mtafiti Justina Ray alifuatilia nguchiro wa aina mbili wa msituni: yule mwenye pua ndefu na yule wa majimaji. Kazi hiyo ilionyesha namna wanyama wawili wanaofanana wanavyoweza kuishi katika msitu mmoja, kila mmoja na maisha yake.

Sheria ya asubuhi

Sasa tufike kwenye kiini. Miongozo yote ya kazi hii, kama ile ya chama cha wanasayansi wa mamalia cha Marekani, inasisitiza kwamba mtego wa mnyama hai ukaguliwe mara kwa mara. Kwa wanyama wa usiku, maana yake ni kufika alfajiri, kila siku, bila kukosa, na kufunga milango mchana wakati wa joto.

Katika misitu yetu sheria hiyo si urembo. Mnyama aliyefungiwa hawezi kukimbia siafu. Siafu wakipita usiku na kukuta sanduku lenye mnyama ndani, wanamla akiwa hai. Mvua ya usiku mmoja inaweza kumwua kanu mwenye kilo 2 aliyekosa pa kujificha. Jike mwenye watoto akikaa ndani siku mbili, watoto wanakufa kwenye tundu la mti na hakuna atakayejua.

Mtego wa mwindaji mwenye waya unaweza kukaa siku tatu ama nne bila kutazamwa, na nyama inaoza. Tunajua hasara hiyo. Lakini mtafiti aliyesema atamlinda mnyama, kisha akamwacha ndani ya sanduku siku tatu, amefanya vibaya kuliko mwindaji. Mwindaji angalau alitaka kula.

Hapa ndipo usalama unapoingia. Katika sehemu nyingi za Ituri na Kivu zote mbili, watu hawaendi shambani kabla jua halijapanda, juu ya hofu. Barabara inafungwa saa yoyote. Risasi zinalia, kijiji kizima kinakimbia, na masanduku yanabaki porini milango wazi, chambo ndani. Nani atarudi kuyafunga?

Hatusemi mambo ya kufikirika. Hifadhi ya Okapi, yenye kilometa za mraba zaidi ya 13,000, iliundwa mwaka 1992, na tangu 1997 iko katika orodha ya UNESCO ya maeneo ya urithi yaliyo hatarini. Mwezi wa sita mwaka 2012 kituo chake cha Epulu kilishambuliwa. Watu waliuawa, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale wakauawa pia. Mwaka 2025 Goma na Bukavu, miji ambako watafiti wengi wanaanzia safari, ilichukuliwa na M23. Katika hali kama hiyo mtu hawezi kuahidi asubuhi.

Kuna hatari nyingine inayosahauliwa. Mtu anayefuatilia mnyama mwenye mkanda wa redio anatembea na antena mkononi na vifaa vya masikioni. Anasimama mlimani, anageuza antena huku na huku, anaandika namba. Mwanajeshi ama mtu wa kundi lenye silaha akimwona, hatafikiri juu ya nguchiro. Atafikiri ni mpelelezi. Na mara nyingi anayebeba antena hiyo ni kijana wa kijiji aliyeajiriwa kwa siku.

Kwa hiyo tunasema wazi: mahali ambapo hakuna uhakika wa kurudi alfajiri, sanduku lisitegwe. Kwa mtazamo wetu hilo ndilo sharti la kwanza, kabla ya pesa na kabla ya karatasi.

Je, tukae bila kujua?

Hapana. Kuna njia ambazo hazimfungi mnyama, nazo zimeleta matunda hapa kwetu.

Njia ya kwanza ni kinyesi. Mwaka 1996 John Hart pamoja na wenzake wa Congo, Katembo na Punga, walitoa utafiti juu ya chakula cha chui na paka wa dhahabu katika msitu wa Ituri. Waliokota vinyesi njiani, wakavichambua, wakatazama mifupa na manyoya. Hawakuhitaji kumfunga mnyama hata mmoja ili kujua anakula nini. Na huko Dzanga-Ndoki, vinyesi vya wanyama hao wadogo vilionyesha hata virukanjia wa msitu ule, vile vipanya vya pua ndefu, na mmoja kati yao alikuwa bado hajawahi kuandikwa na sayansi. Aligunduliwa ndani ya mavi.

Njia ya pili ni kamera inayofungwa kwenye mti, ambayo inapiga picha yenyewe joto la mwili likipita mbele yake. Inaweza kukaa wiki nyingi bila mtu. Vita vikizuka, kamera inabaki inasubiri, na hakuna anayekufa kwa njaa ndani yake. Kwa mnyama mwenye madoa, kama kanu wa kawaida, picha inaweza hata kumtofautisha mmoja na mwingine.

Lakini kamera nayo ina mambo yake. Inapiga picha za watu pia. Inampiga mama anayetafuta kuni, inampiga mwindaji, inampiga mwenye silaha. Picha hizo zinakwenda wapi? Zinapewa walinzi wa hifadhi? Zinafutwa? Ikiwa mwindaji atakamatwa juu ya picha ya utafiti, kijiji kitavunja kamera zote zinazofuata, na hakuna wa kulaumu.

Pia kamera haitoi damu, haipimi uzito, haionyeshi ugonjwa. Kwa hiyo sanduku bado lina nafasi yake, mahali penye utulivu.

Na magonjwa je?

Swali hili linaulizwa sana, na si ajabu. Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia 2018 hadi 2020, ilichukua watu zaidi ya 2,200. Halafu mpox ikaenea katika Kivu ya Kusini kuanzia Kamituga mwaka 2023, na mwezi wa nane mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Katika siku kama hizo mtu anayechukua damu ya nyama ya pori anaweza kushutumiwa kwamba ndiye anayeleta ugonjwa.

Mtafiti haleti ugonjwa kwa kumpima mnyama. Lakini kumshika mnyama hai ni hatari ya kweli, kwake na kwa wasaidizi wake. Mnyama yeyote wa namna hii anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Anayefanya kazi hii lazima awe amechanjwa, avae glavu nene, na mnyama asiguswe kabla hajalala. Msaidizi wa kijiji apewe chanjo ileile na glavu zilezile. Si haki mwenye diploma alindwe na mwenye panga aachwe hivihivi.

Na wewe unayesoma, ukiumwa na paka wa pori, nguchiro ama mbwa: osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu kimbia ku kituo cha afya kuuliza chanjo. Usingoje dalili. Kichaa cha mbwa kikianza kuonyesha dalili, karibu kila mara kinaua.

Ukikuta sanduku lenye mnyama ndani, usiingize mkono, usimchome kwa fimbo. Mjulishe mkuu wa kijiji.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

Msitu una sheria. Sheria namba 14/003 ya 11 Februari 2014 inahusu uhifadhi wa mazingira, na katika hifadhi ruhusa ya utafiti inapitia ICCN. Sheria namba 22/030 ya 15 Julai 2022 inalinda haki za Wambuti, Watwa na ndugu zao. Karatasi ya Kinshasa pekee haitoshi. Mkuu wa kijiji, wazee, akina mama, wawindaji na shirika la raia wana haki ya kukaa na mgeni na kumwuliza, kwa Kiswahili:

Mitego ni mingapi, iko wapi, na nani ataikagua kila alfajiri?

Vita vikizuka usiku, nani ana jukumu la kufungua milango, na je, ni halali kumtuma mtu huko? Ikiwa jibu ni kimya, masanduku yarudi ku gari.

Kuku, mbwa ama paka wa mtu akiingia, nani analipa?

Wasaidizi wa kijiji wanalipwa kiasi gani, na wakiumwa ama wakikamatwa barabarani nani anawahudumia?

Damu na manyoya vinapelekwa wapi? Kuna mwanafunzi wa Kisangani, Bunia ama Bukavu anayejifunza kazi hiyo, ama kila kitu kinapanda ndege?

Picha za watu zinafutwa?

Na la mwisho: mtarudi lini kutuambia mlichokiona?

Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Watu wengi wa mashariki wamejibu maswali ya watafiti, wameonyesha njia, wamebeba mizigo, na hawajawahi kusikia matokeo. Ripoti iko kwa Kiingereza, iko mbali. Mtafiti anayerudi na kusema "hapa kijijini kwenu kuna kanu 20, wanakula panya na kaa wa kijito hiki" amewapa watu sababu ya kukitazama kijito kile kwa jicho lingine. Labda mwenye waya wa breki atautoa kwenye ukingo ule, bila kulazimishwa na mlinzi.

Hatudai kwamba nguchiro ni muhimu kuliko mtu aliyekimbia nyumba yake. Hakuna anayeweza kusema hivyo akiwa na akili timamu. Lakini usalama unaomruhusu mama kwenda shambani alfajiri ndio uleule unaomruhusu mtu kwenda kufungua mtego alfajiri. Mahali ambapo njia ya asubuhi iko salama, vyote viwili vinawezekana. Mahali ambapo haiko, kanu wa maji ataendelea kujulikana kwa ngozi zilizo New York, na sisi tunaoishi naye tutaendelea kuuliza wageni yuko namna gani.

Ikiwa kijijini kwenu kuna watu wanaotega masanduku ama kamera, waulize maswali haya, na utuletee majibu yao. Tutayasoma hewani.